Shina Moja, Machi na Septemba

Kwenye kabati la jikoni kwangu zimekaa chupa mbili zisizo na lebo. Nimeziandika kwa kalamu ya wino mzito: moja "Machi", nyingine "Septemba". Zote ni za mwaka 2023, zote zimetoka kwenye ekari moja niliyoipanda na ndugu zangu kusini mwa jiji la Dodoma, upande wa Mpunguzi. Zabibu ni za aina moja, Makutupora nyekundu. Mashina ni yaleyale, na hata ndoo nilizochachushia ni zilezile.

Ukimimina ya Machi, unaviona vidole vyako upande wa pili wa glasi. Rangi yake ni ya waridi lililoanza kufifia, harufu yake ni ya tunda bichi na majani yaliyonyeshewa, na ikipita kooni haiachi kitu. Ya Septemba ni nzito kama choya iliyochemshwa mpaka maji yakakaribia kuisha. Ulimi unashikwa na ukakasi kidogo, ule wa kutafuna ganda la zambarau, halafu utamu wa tunda lililoiva unakuja taratibu nyuma yake. Kila anayeonja huniuliza nilinunua wapi mbegu ya pili. Sina mbegu ya pili. Nina ardhi moja na misimu miwili, na tangu niligundue hilo sijaweza kuufikiria mvinyo wetu kwa namna niliyokuwa nikiufikiria zamani.

Kwa wasiolijua zao hili, nieleze kidogo. Kule Bordeaux, Ufaransa, au Italia walikotoka wamisionari walioleta mizabibu kwenye misheni ya Bihawana hapa Dodoma, mti huu huvunwa mara moja kwa mwaka. Baridi inakuja, majani yanapukutika, shina linalala miezi kadhaa, kisha joto linaliamsha. Dodoma haina baridi ya namna hiyo. Tuko nyuzi sita tu kusini mwa ikweta, na tofauti kati ya siku ndefu na siku fupi ya mwaka haifiki saa moja. Mzabibu ukiachwa wenyewe huku hautajua ulale lini. Utaendelea kurefusha matawi, upande huu una maua, upande ule una tunda lililoiva, upande mwingine majani yanakauka. Kinachouambia kwamba mwaka umekwisha ni mkasi. Tunapogoa, tunaondoa matawi yote ya zamani na kuacha vijiti vifupi vyenye macho mawili matatu, na shina linaamini kwamba baridi imepita. Baada ya miezi minne na ushei kuna zabibu za kuvuna.

Kwa sababu hiyo sisi huvuna mara mbili. Ukipogoa Novemba, unavuna Machi, katikati ya mvua. Ukipogoa mwishoni mwa Aprili au Mei mvua zikikatika, unavuna mwishoni mwa Agosti na Septemba, wakati nchi nzima imekauka na vumbi linapanda hadi kwenye mapaa. Sehemu nyingi duniani mwenye shamba akitaka kulinganisha msimu mzuri na mbaya lazima asubiri miaka, na miaka hiyo shina linakuwa limezeeka, mizizi imekwenda mbali zaidi, hata mpogoaji kabadilika. Huku kwetu jibu linakuja ndani ya miezi sita. Nasema kwa dhati kwamba hii ni bahati ambayo hatujaitumia.

*

Ardhi nilipewa na mjomba wangu. Desemba 2020 tulikwenda wote shambani, yeye na fimbo yake, mimi na daftari. Nilikuwa nimesoma kila nilichoweza kusoma kuhusu mizabibu, nikawa nimechora mistari iliyonyooka kutoka mwanzo wa ekari hadi mwisho. Mjomba aliutazama mchoro wangu kwa heshima kabisa, kisha akaniambia, "Mwanangu, hapa umechora shamba moja. Njoo nikuonyeshe mashamba yako matatu."

Tulianzia juu, chini ya kilima cha mawe makubwa ya itale. Pale udongo ni mwekundu na una mchanga mwingi. Ukiuchota mkononi unapita katikati ya vidole. Tukashuka hatua mia hivi, udongo ukageuka kahawia, umeshikana zaidi, na fimbo ilipogonga ilitoa sauti ya kitu kigumu chini. Tukashuka tena, tukafika mwisho wa ekari ambako mbuga inaanza: udongo mweusi, mzito, ambao Novemba una nyufa za kuingiza kiganja, na Februari unavua viatu.

Kila Mgogo aliyelima anaujua mteremko huu. Hata jina la Dodoma, kwa simulizi tulilokua nalo, linatokana na tembo aliyekuja kunywa maji akazama kwenye tope. Tembo yule hakuzama kwenye mchanga wa juu. Alizama mbugani. Jina la jiji letu kuu, ukilisikiliza vizuri, ni maelezo ya udongo.

Wanasayansi nao wana jina la mpangilio huu, na walilipata hapahapa kwetu. Mwaka 1935 Geoffrey Milne, mkemia wa udongo aliyekuwa kituo cha utafiti cha Amani kule Usambara, aliuita katena, neno la Kilatini lenye maana ya mnyororo. Alikuwa ameona kwamba Afrika Mashariki udongo wa kileleni, wa kwenye mteremko na wa bondeni, ingawa haufanani, umeungana kama pete za mnyororo mmoja. Mvua inaosha chembe laini kutoka juu na kuziteremsha, mchanga unabaki, ufinyanzi unajikusanya chini, na chumvi zinafuata maji. Neno hilo sasa linafundishwa duniani kote. Mjomba hakuwahi kulisikia, ila alinieleza jambo lilelile kwa fimbo, kwa dakika ishirini, tukitembea.

Naomba nisimame kidogo kwenye ule udongo wa kati, kwa sababu ndio uliotuumiza. Mashariki mwa hapa, Kongwa, Waingereza walianzisha mradi wao mkubwa wa karanga mwaka 1947 na kuuacha mwaka 1951. Udongo wa kule ukiwa na unyevu ni laini. Ulipokauka ukawa kama sakafu ya saruji, majembe ya matrekta yakavunjika na karanga zikabaki ardhini hazing'oleki. Udongo wa kati wa shamba langu una tabia hiyohiyo. Tulichimba mitaro ya futi mbili kwenda chini na futi mbili upana, na vijana wawili niliowaajiri walivunja mipini mitatu ya sururu kwa wiki moja. Tukajaza samadi iliyooza iliyochanganywa na udongo wa juu, tukasimamisha nguzo, tukavuta waya, tukapanda pingili zilizokwisha kuchipua mizizi kwenye viriba: mita mbili na nusu kati ya mistari, mita moja na nusu kati ya shina na shina. Miche 1,050. Mchwa walikula sitini kabla ya Pasaka.

*

Jambo ambalo halinenwi vya kutosha kuhusu shamba changa ni kwamba kwa miaka ya mwanzo mzabibu hauishi ardhini. Unaishi kwenye mtaro. Mizizi yake bado iko ndani ya zile futi mbili ulizoulainishia, inakula samadi uliyoupa na maji uliyoumwagia. Ukionja mvinyo wa mwaka wa pili na kusema unaisikia ladha ya udongo wa Dodoma, kwa sehemu kubwa unaisikia ladha ya mwenye shamba.

Mwaka 2021 machipukizi yalitoa vichala vidogo. Nilivikata vyote. Niliambiwa na wote wanaojua kazi hii kwamba tunda la mwaka wa kwanza linaiba chakula cha mizizi, nami nilikubali, lakini asubuhi ile nilitembea mstari baada ya mstari nikiangusha zabibu ndogo za kijani kama mbaazi huku koo limenikaba. Mavuno ya kwanza niliyoyaruhusu yalikuwa Septemba 2022: kreti kumi na moja. Mvinyo wake ulikuwa mwekundu, mchangamfu, mwepesi, hauna katikati. Ulianza vizuri mdomoni na kuisha vizuri, na kati ya hapo palikuwa pamepwaya. Mizabibu michanga huwa hivyo mara nyingi. Haina akiba. Shina la miaka ishirini lina mbao nene na mizizi minene iliyojaa wanga. Jua likikaza siku kumi, linakula akiba yake na kuendelea kuivisha. Shina la miaka miwili likikosa maji siku kumi linafunga duka: majani yanajikunja, sukari inasimama, na zabibu zinanywea kabla hazijaiva kweli.

Huko kwetu mzigo huo ni mara mbili, maana shina la miaka minne limekwisha kupogolewa mara saba au nane na kuombwa tunda karibu kila mara. Halijapata likizo. Huwa nalifikiria kama mtoto wa kwanza katika nyumba yenye shida, anayetwishwa ndoo kabla shingo haijakomaa.

Kufikia 2023 ndipo mteremko ulipoanza kusema. Mizizi ilikuwa imetoka kwenye mtaro, na kuanzia hapo kila kipande cha ekari kikaenda njia yake. Mistari ya juu, kwenye mchanga, ilichipua kwanza, ikachanua kwanza, ikaiva siku tisa kabla ya mingine. Mchanga haushiki maji, unapata joto upesi asubuhi, na mti ulio juu yake unajua mapema kwamba maji ni machache. Unaacha kurefusha matawi na kupeleka nguvu kwenye tunda. Vichala vyake vilikuwa vidogo, vimeachana, zabibu ndogo zenye ganda linalopasuka kwa mlio ukizing'ata. Mistari ya chini, karibu na mbuga, ilikuwa bado inarusha matawi mapya wakati ya juu imetulia. Majani mapana, kivuli kizito, zabibu kubwa zilizojaa maji.

Na palikuwa na kipande cha nne ambacho hata mjomba alikuwa amekisahau. Katikati ya mistari ya kushoto kulikuwa na duara la mashina kama arobaini yaliyokua kuliko yote shambani. Majani yake yalikuwa ya kijani kibichi kinachong'aa, matawi yamepanda juu ya waya wa mwisho na kuanguka upande wa pili. Nilifurahi sana. Nilipiga picha nikawatumia watu. Septemba ilipofika, zabibu za duara lile zilikuwa bado na wekundu wa kusuasua, nyingine zikiwa na upande mmoja wa kijani. Nilipomwita mjomba akacheka, akapiga ardhi kwa kisigino. "Hapa lilikuwa zizi la babu yako."

Ng'ombe waliondoka pale zamani sana, kabla sijazaliwa, na bado walikuwa wananyesha mbolea. Naitrojeni iliyobaki ardhini iliufanya mzabibu uendelee kuwa kijana, ukatae kuingia kwenye kazi ya kuivisha. Kivuli cha majani yale kiliyanyima matunda mwanga. Na udongo wa zizi umejaa potasiamu, ambayo mzabibu unaivuta hadi kwenye tunda, na huko inapunguza makali ya uchachu. Hilo la mwisho lina athari kwenye rangi ambayo mtu yeyote anaweza kuiona jikoni. Chukua choya iliyopoa, nyekundu safi, dondoshea magadi kidogo: itageuka zambarau, kisha rangi ya samawati chafu. Ongeza ndimu, wekundu unarudi. Rangi ya zabibu ni ya ukoo uleule na inafuata kanuni ileile. Mvinyo wenye uchachu hafifu, hata ukiwa na rangi nyingi ndani, unaonekana umechoka. Zabibu za zizi nilizichachusha peke yake mwaka ule, lita kumi tu, nilipe deni la udadisi wangu. Mvinyo ulitoka wa kahawia pembeni, laini mno, kama chai iliyosahaulika kikombeni. Ardhi yenye rutuba kuliko zote katika ekari yangu ndiyo iliyotoa mvinyo mbaya kuliko yote.

Watu wengi hupenda kusema kwamba mvinyo unabeba ladha ya mawe yaliyo chini yake. Nilipenda kuamini hivyo, hasa ninapoyatazama mawe yetu ya itale, ambayo ni kati ya miamba ya kale kabisa barani. Lakini mzizi haunywi jiwe. Unakunywa maji yenye chembe chache za madini, na ladha ya tunda inatengenezwa na mti wenyewe kwa mwanga na hewa. Gérard Seguin, aliyetumia maisha yake ya kazi kuchunguza udongo wa mashamba makuu ya Bordeaux, alikuta mashamba bora yakiwa juu ya changarawe, juu ya ufinyanzi, juu ya chokaa. Kilichoyaunganisha ni jinsi udongo unavyougawia mzabibu maji: ya kutosha mwanzoni, haba kuelekea kuiva, bila gharika na bila ukame wa ghafla. Baada ya lita kumi za zizini sikuhitaji kushawishiwa zaidi.

*

Sasa nirudi kwenye misimu, kwa sababu udongo ukishajua kugawa maji, nani anayeleta maji?

Dodoma hupata mvua msimu mmoja tu, kuanzia Desemba hadi Aprili, na kwa wastani hazifiki milimita 600 kwa mwaka. Februari mara nyingi hukatika kwa wiki moja au mbili, kisha zinarudi. Sasa tazama zabibu za Machi zinavyopita humo. Zinachanua mvua zikianza, na mvua kwenye ua huangusha nusu ya kichala. Zinakua kwenye unyevu, mawingu yakizuia jua, na ubwiri vinyoya, ugonjwa wa ukungu, unakaa chini ya majani ukisubiri usiku mmoja wa joto na maji. Zinapokaribia kuiva, Februari inakausha udongo, ganda linakaza. Halafu mvua ya Machi inapiga, mzizi unavuta maji kwa pupa, na ganda linapasuka. Ukifika asubuhi unakuta nyuki na uchachu wa siki hewani. Mkulima anaogopa, anavuna kabla ya wakati. Machi 2023 kipima sukari changu kilisoma 17, yaani karibu asilimia 17 ya juisi ilikuwa sukari. Septemba kilisoma 24. Kila kipimo kimoja cha sukari huzaa zaidi kidogo ya nusu asilimia ya kileo, hivyo mtu anaweza kupiga hesabu mwenyewe. Ila kileo ndicho kitu kidogo kabisa kinachokosekana kwenye chupa ile ya Machi.

Zabibu za Septemba zinaishi maisha mengine kabisa. Zinachipua Mei, udongo ukiwa bado na akiba ya mvua chini. Juni na Julai mawingu hakuna. Tuko mita 1,100 hivi juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo mchana jua linachoma na usiku nyuzijoto zinashuka hadi 13 au 14. Wanaoamka alfajiri kumwagilia wanajua maana yake. Baridi ile ya usiku ina thamani kubwa. Joto la usiku huufanya mti uunguze uchachu wake kama mafuta ya taa. Usiku wa baridi unautunza, na rangi nayo hujengeka vizuri kwenye ganda. Upepo wa Julai unakausha umande mapema, ukungu haupati nafasi. Maji yanapungua polepole, zabibu zinabaki ndogo. Juisi ya zabibu nyekundu nyingi ni nyeupe. Wekundu wote uko kwenye ganda, na ukakasi uko kwenye ganda na mbegu. Tunda dogo lina ganda jingi kwa kila tone la juisi. Kwa hiyo ile chupa nzito ya Septemba ni kazi ya ukame, baridi na upepo, vitu vitatu ambavyo nikiwa mtoto nilidhani ndivyo vinavyoifanya Dodoma isifae kitu.

Msimu wa 2023 kuingia 2024 ulikuwa wa El Niño, na kila mtu Tanzania anaukumbuka, kwanza kwa sababu ya maporomoko ya Hanang Desemba 3. Shambani kwangu ulikuwa msiba mdogo usiostahili kutajwa karibu na ule mkubwa. Mistari ya mbugani ilisimama ndani ya maji siku tano. Ubwiri ulipanda hadi mistari ya kati licha ya dawa za kopa na salfa. Nilivuna robo ya nilichotegemea, nikatupa nusu ya robo hiyo. Mistari ya mchanga peke yake ndiyo iliyotoka salama. Maji yalipita kama wageni.

Lakini hadithi ya mvua ile haikuishia Machi. Chini ya Makutupora, kaskazini mwa jiji, kuna visima vinavyoinywesha Dodoma, na vina rekodi ya kina cha maji inayozidi miaka 50. Watafiti walioisoma walikuta kwamba maji ya chini hayapandi kila mwaka. Yanashuka na kushuka, kisha yanajazwa kwa kishindo katika misimu michache ya mvua kubwa. Ule wa 1997 na 1998 uliyajaza kuliko yote. Nilifikiria hilo Septemba 2024, baada ya kupogoa na kumwagilia kama kawaida na bado nikaona mistari ya kati, ile ya udongo mgumu, ina uhai ambao sikuwahi kuuona. Mvua iliyoua zabibu za Machi ilikuwa imelainisha tabaka lile gumu na kuweka unyevu chini yake, na mizizi ikapata mlango. Mvinyo wa Septemba ile ndio wa kwanza katika shamba langu uliokuwa na katikati. Ulijaza mdomo. Nilikaa nao barazani nikamwita mjomba, akanywa taratibu, akanyamaza muda, akasema, "Huu umekua."

*

Nina neno moja kwa wenzangu wa zao hili, na nalisema kwa upendo. Tuandike mwezi kwenye chupa.

Kwa utaratibu ulivyo, zabibu za Machi na za Septemba mara nyingi hukutana kwenye tangi moja. Mkulima mdogo hana nguvu ya kuamua. Anavuna, anasubiri mnunuzi, na mnunuzi ana foleni. Machi 2023 kiwanda kimoja kilichokuwa kimeniahidi kuchukua kreti zangu kiliniambia nisubiri kesho, kisha keshokutwa. Siku ya tatu zabibu zilikuwa zinachuruzika chini ya mti, na jirani ndiye aliyeniokoa kwa kunikopesha ndoo ili nikamue na kuweka mchuzi, yaani juisi ya zabibu iliyokamuliwa kwa ajili ya mvinyo. Wakulima wengi wa Dodoma sasa wanauza mchuzi wa zabibu badala ya zabibu kwa sababu hiyohiyo: mchuzi unaweza kusubiri, tunda haliwezi. Lakini mchuzi ukishaingia kwenye tangi kubwa na michuzi ya vijiji vingine na miezi mingine, mchanga wa juu umepotea, mbuga imepotea, Julai na usiku wake wa baridi imepotea. Kinachobaki kinaongezwa sukari ili kilainike. Wengi wetu tulikua tukijua kwamba mvinyo wa Dodoma ni mvinyo mtamu, na sina ugomvi na anayeupenda. Mama yangu mdogo haugusi mwingine. Ninachosema ni kwamba sukari ya kuongeza inafunika makosa ya Machi na sifa za Septemba kwa shuka moja.

Zabibu za Machi zina kazi yake. Nimejaribu kuzikamua mara moja, bila kuacha juisi ikae na maganda, nikapata mvinyo wa waridi mwepesi wenye uchachu mzuri, wa kunywewa baridi na kuku wa kienyeji wa kukaanga. Kuulazimisha uwe mvinyo mwekundu mzito ni kuudhulumu. Mwaka huu wote wa Machi nimeufanya hivyo, na chupa zimekwisha kabla ya zile za Septemba.

Kuna hofu moja inayonikosesha usingizi nayo ni chumvi. Visima vingi vya Dodoma vina maji ya magadi, changu kimojawapo. Kiangazi chote tunamwagilia kwa matone, jua linayakausha, chumvi inabaki. Mwaka wa nne kingo za majani kwenye mistari ya kati zilianza kuungua, kahawia, kama karatasi iliyosogezwa karibu na moto. Udongo wa juu unaoshwa na kila mvua. Ule wa kati, wenye sakafu yake ngumu, hauoshwi hadi ije mvua ya El Niño. Msimu uleule mzuri wa Septemba ndio unaojenga chumvi, na msimu uleule mbaya wa Machi ndio unaoiosha. Nimechimba tangi la kuvunia maji ya mvua kutoka kwenye mwamba wa juu, ambako itale inamwaga maji kama bati. Halitoshi ekari nzima. Linatosha mistari minane, nami nimeanza na hiyo.

Novemba hii nimepogoa mistari ya mchanga peke yake. Ya mbugani sikuiamsha. Nimeondoa majani makavu tu, nikaacha matawi yake marefu bila kuyagusa, mvua zije zipite juu yake bila kudai tunda, na shina lipumzike kwa mara ya kwanza tangu nililipanda. Duara la zizi la babu nimeling'oa mashina. Mama mdogo amepanda mlenda na maboga humo, na yanakua kwa namna ambayo sijawahi kuiona.